Kitabu Kilichokataliwa Lahore

Katika mwaka 1936 chama kimoja cha mji wa Lahore, jina lake Jat-Pat Todak Mandal, maana yake chama cha kuvunja matabaka, kilimwalika Dr. Bhimrao Ramji Ambedkar awe mkuu wa mkutano wake wa mwaka na kutoa hotuba. Wenye chama wengi walikuwa watu wa matabaka ya juu, watu wema waliochukizwa na desturi ya kuwabagua wenzao. Lakini walipoletewa hotuba ile wakaisoma kabla ya siku yenyewe, walishikwa na hofu. Wakamtaka mwandishi aondoe maneno fulani yaliyogusa vitabu vya dini. Naye akakataa kubadili lo lote. Basi mkutano ukavunjwa, na Ambedkar akaipiga chapa hotuba yake kwa fedha zake mwenyewe. Ndicho kitabu kiitwacho Annihilation of Caste, nasi kwa lugha yetu twaweza kukiita Kuyafuta Matabaka.

Kitabu chenyewe ni kidogo. Mtu aweza kukimaliza kwa jioni mbili. Tumekisoma zaidi ya mara moja, na twadhani yafaa waalimu wenzetu wakijue, kwa kuwa chatazama mambo ambayo sisi huyashika mikononi kila siku: dini ifundishwayo, shule ifundishayo, na lugha itumiwayo katika kufundisha. Juu ya dini kimenena kwa ushujaa mkubwa. Juu ya shule kimenena kidogo. Na juu ya lugha, ambayo leo ni fitina kubwa katika Bara Hindi, karibu hakikunena neno. Twakisifu kitabu hiki kwa moyo wote, lakini twakidai deni hilo.

Kabla ya kuendelea, msomaji ashike tofauti ya maneno mawili. Tukisema Wahindi, twataka kusema watu wote wa Bara Hindi, wa dini yo yote. Tukisema Wahindu, ni wale wafuatao dini ya Kihindu tu. Wazee wa pwani yetu waliwaita Wahindu wote Mabaniani, na jina hilo hasa ni la tabaka la wafanya biashara. Yaani sisi tuliwajua wachuuzi waliovuka bahari, tukadhani tumelijua taifa zima. Mfagiaji na mkulima hawakuja na majahazi yale, au wakija hatukuwauliza jina.

Mtungaji hakuyapata mambo yake kwa kusikia. Alizaliwa Mhow tarehe 14 Aprili 1891, mtoto wa askari, katika tabaka la Mahar, mojawapo ya yale yaliyohesabiwa kuwa ya watu wasioguswa. Shuleni alikaa peke yake juu ya kipande cha gunia alichokuja nacho kutoka nyumbani, na jioni alirudi nacho, maana hata mtumishi wa shule hakukubali kukigusa. Akiwa na kiu hakuruhusiwa kufungua bomba. Ilikuwa sharti tarishi amfungulie. Siku ambayo tarishi hayupo, mtoto alikaa na kiu yake. Alipofika shule ya juu huko Bombay, ambao sasa waitwa Mumbai, alitaka kujifunza Kisanskriti, lugha ya vitabu vitakatifu vya Wahindu, akanyimwa. Akapewa Kiajemi badala yake. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa maana tutalirudia.

Baadaye mtawala wa Baroda alimlipia gharama za masomo, akaenda Chuo Kikuu cha Columbia huko New York mwaka 1913, kisha London. Alirudi na elimu ambayo wachache wa nchi yake walikuwa nayo wakati ule. Akaenda Baroda kufanya kazi, na katika mji mzima hakupata chumba cha kulala. Akajificha katika nyumba ya wageni ya Waparsi kwa jina lisilo lake, mpaka walipomgundua wakamjia na fimbo na kumtoa. Kwa hiyo, atakapoambiwa na mtu kwamba elimu peke yake itaondoa ubaguzi, anayo haki ya kutosadiki.

Sasa hoja ya kitabu. Siku zile wako waliosema: kwanza tupate uhuru wa nchi, mambo ya jamaa na desturi yatafuata. Wengine, wafuasi wa ujamaa, walisema: kwanza mali igawanywe sawasawa. Ambedkar awajibu wote kwamba wameanza katikati ya safari. Je, maskini wa tabaka moja atasimamaje bega kwa bega na maskini wa tabaka jingine, hali amelelewa akimwona kuwa ni najisi? Kisha awageukia wale wasemao kwamba dawa ni kula pamoja na kuoana. Akubali kwamba kuoana ni dawa ya kweli; lakini auliza kwa nini watu hawaoani. Jibu lake ndilo lililowatisha watu wa Lahore: hawaoani kwa sababu ni watu wa dini, na dini yao imewafundisha hivyo. Basi mwenye kutaka kuondoa matabaka bila kuugusa utakatifu wa vitabu vile hukata majani na kuacha mzizi.

Hapo huleta shauri lake. Wahindu wawe na kitabu kimoja cha dini kikubaliwacho na wote. Ukuhani usirithiwe kwa kuzaliwa. Kila atakaye kuwa kuhani afanye mtihani wa serikali na kupewa hati. Tulipofika mahali hapo tulicheka kidogo, maana hakuna mwalimu asiyejua kwamba mtihani hupima kumbukumbu kuliko moyo. Hata hivyo twaelewa anachotaka. Daktari hutibu kwa sababu amejifunza, na mwalimu hufundisha kwa sababu amejifunza. Kwa nini kuhani awe kuhani kwa sababu ya tumbo lililomzaa?

Gandhi alijibu katika gazeti lake Harijan mwezi wa Julai wa mwaka ule ule, na majibu yake yalichapishwa pamoja na kitabu katika toleo la pili. Alisema kwamba dini haipimwi kwa wafuasi wake walio wabaya, bali kwa walio bora; na kwamba mpango wa asili wa Kihindu ni kila mtu kupata riziki yake kwa kazi ya baba zake, kazi zote zikiwa sawa mbele ya Mungu, ya kuhani na ya mfagiaji. Maneno haya ni matamu, na aliyeyasema alikuwa mtu aliyesafisha vyoo kwa mikono yake mwenyewe. Lakini twaona hayasimami. Kazi zikiwa sawa, mbona hakuna kuhani anayelia kwa kukosa ufagio? Ambedkar naye alimkumbusha kwamba yeye Gandhi, wa tabaka la Mabaniani, hakushika mizani dukani. Alikwenda kusoma sheria.

Mwaka mmoja baadaye, 1937, Gandhi alileta mpango wake wa elimu huko Wardha: watoto wafundishwe miaka saba kwa lugha ya mama, na kazi ya mikono, kama kusokota pamba, iwe ndiyo kiini cha masomo yote. Dr. Zakir Husain, ambaye mwaka 1967 alikuwa Rais wa India, ndiye aliyesimamia kamati ya kuutengeneza. Mpango ule una mema mengi, na sisi tunaofundisha watoto kukariri maneno wasiyoyaelewa twauonea wivu. Lakini ukiusoma baada ya majibu yale ya mwaka 1936, moyo hupata shaka. Mtoto ambaye baba yake na babu yake walilazimishwa kushona viatu, ukimwambia kwamba elimu bora ni kazi ya mikono, atakuuliza kama mwana wa kuhani naye amepewa ngozi na sindano.

Katika habari ya dini liko neno moja ambalo twataka kumpinga Ambedkar. Asema kwamba matabaka yamo hata kwa Waislamu, Makalasinga na Wakristo wa Bara Hindi, lakini kwao hayana nguvu ya dini, kwa hiyo ni mepesi kuyaondoa. Ni kweli kwamba Injili haina tabaka. Lakini mwaka 1833 Askofu Daniel Wilson wa Calcutta alipotoa amri kwamba tofauti za tabaka ziachwe kabisa katika makanisa ya kusini, Wakristo wengi walikataa, na wengine wakahama. Yako makanisa ambayo watu wa chini walikaa upande wao, na makaburi yaliyotengwa kwa ukuta. Hapo hapakuwa na kitabu kitakatifu cha kuamuru hivyo. Palikuwa na kilichoamuru kinyume, kikasomwa kila Jumapili, na watu wakarudi kukaa mahali pao pale pale. Basi uzito alioutia Ambedkar katika vitabu umezidi kidogo. Mazoea nayo ni dini, tena isiyo na kuhani wa kumtahini.

Mwenyewe alitimiza neno lake. Mwaka 1935 alikuwa amekwisha kutangaza huko Yeola kwamba hatakufa hali ni Mhindu. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na watu mia kwa maelfu. Baada ya wiki chache, tarehe 6 Desemba, akafariki. Lakini serikali ilikuwa na orodha yake. Amri ya mwaka 1950 ilisema kwamba misaada iliyotengwa kwa ajili ya matabaka yale ya chini, kama nafasi za masomo na kazi, ni ya Wahindu. Makalasinga wakaongezwa mwaka 1956, na wafuasi wa Buddha wakangoja mpaka 1990. Mkristo au Mwislamu wa ukoo ule ule hajaongezwa hata sasa. Kwa hiyo mtu akibadili dini ili aikimbie aibu ya tabaka, jirani hamsahau, ila karani humfuta.

Sasa tulidai lile deni la lugha. Kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza. Hata katika hesabu ya watu ya mwaka 1951, Wahindi waliojua kusoma lugha yo yote walikuwa kama 18 katika kila 100. Na miongoni mwa hao, waliojua Kiingereza walikuwa kidogo tu. Ni kweli kwamba kilifasiriwa upesi kwa Kigujarati, Kitamil, Kimarathi na lugha nyingine. Ni kweli pia kwamba Ambedkar alikuwa ameanzisha gazeti la Kimarathi mwaka 1920, akaliita Mooknayak, yaani kiongozi wa mabubu. Basi si mtu aliyewasahau watu wake. Lakini katika kitabu chenyewe haulizi swali ambalo maisha yake yote yaliuliza: kwa nini mwana wa Bara Hindi aliyetaka kusema na Wahindi juu ya dini ya Wahindu ilimpasa kusema kwa lugha ya London? Twajua jibu. Lugha ya vitabu vile alinyimwa shuleni. Mlango wa mbele ulifungwa, akaingia kwa mlango aliouacha wazi mgeni.

Mgeni naye hakuuacha wazi kwa ukarimu. Tarehe 2 Februari 1835 Thomas Macaulay aliandika shauri lake kwamba fedha ya serikali itumike kwa elimu ya Kiingereza, ili lipatikane kundi la watu wa kusimama katikati ya watawala na watawaliwa. Alizidharau elimu za Kisanskriti na Kiarabu, na huku alikiri kwamba lugha hizo hazijui. Sisi tungemrudishia daftari lake. Waliofaidi kwanza ni wale wale waliokuwa juu tangu zamani. Wabrahmani walijua thamani ya kusoma, walikuwa na nafasi ya kusoma, wakaishika lugha mpya kabla ya wengine kujua kwamba imefika. Mlango ulibadilishwa jina, mabawabu wakabaki.

Lakini palikuwa na wengine walioitazama lugha hiyo kwa jicho jingine. Jotirao Phule, wa tabaka la watunza bustani, aliyesoma katika shule ya misheni ya Waskoti, alifungua shule ya wasichana mjini Pune mwaka 1848 pamoja na mkewe Savitribai. Yasimuliwa kwamba mama huyo alitupiwa matope na mavi ya ng'ombe njiani, naye akachukua sari ya pili ya kubadili afikapo darasani. Walifundisha kwa Kimarathi. Na katika kitabu cha mashairi alichokitoa mwaka 1854 Savitribai alikisifu Kiingereza, akikisifu kwa Kimarathi! Hapo hapana ukinzani. Lugha ya nyumbani ilikuwa ya kumfikia mtoto. Lugha ya mgeni ilikuwa ushahidi kwamba elimu si mali ya ukoo mmoja. Mwaka 1882 mumewe alisimama mbele ya tume ya elimu akasema waziwazi kwamba kodi ya wakulima yawasomesha wana wa wakubwa, akataka shule za chini kwa wote na waalimu watokao katika watu wa chini. Twasikitika kwamba Ambedkar, aliyemheshimu sana Phule, hakuiweka hoja hiyo ndani ya hotuba yake. Ingempa nusu iliyopungua.

Lugha na dini hushikana huko kwa namna nyingine tena. Mtu wa soko la Delhi na mwenziwe wakisema, sikio haliwezi kujua mara moja kama ni Kihindi au Kiurdu. Wakiandika, mmoja hutumia herufi za Devanagari na mwingine herufi za Kiajemi, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mwaka 1900 serikali ya majimbo ya kaskazini iliporuhusu Devanagari katika mahakama, Waislamu walilalamika kwamba riziki ya makarani wao imekatwa, na tangu hapo kila upande ukazidi kuisafisha lugha yake, huyu akitia maneno ya Kisanskriti, yule ya Kiajemi na Kiarabu, mpaka ndugu wawili hawakusomana tena. Premchand, mtungaji mkuu wa hadithi, alianza kwa Kiurdu akahamia Kihindi, kwa kuwa huko ndiko waliko wachapaji. Kiswahili nacho kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi tunazotumia, lakini hakikupasuka lugha mbili. Hapo Wahindi wangeweza kutuonea wivu kwa mara moja, baada ya sisi kuchukua kwao gari, bima na chapati.

Baada ya uhuru Ambedkar alisimamia kamati iliyoandika Katiba, iliyoanza kazi tarehe 26 Januari 1950. Kifungu cha 17 chafuta kabisa desturi ya kutoguswa. Juu ya lugha, Kihindi kikafanywa lugha ya serikali kuu, na Kiingereza kikapewa miaka 15 tu. Mwaka 1965 ulipofika, watu wa Madras walipinga kwa ghasia, na wengine walijichoma moto, Kiingereza kikabaki. Kabla ya hapo, Desemba 1952, Potti Sriramulu alifunga chakula hata kufa ili watu wa Kitelugu wapewe jimbo lao, na jimbo la Andhra likaundwa mwaka 1953. Leo Katiba yataja lugha 22. Mwaka 1955 Ambedkar aliandika kitabu kidogo juu ya majimbo ya lugha, akionya kwamba kila lugha ikipewa jimbo na kuwa lugha ya serikali yake, tabaka lililo kubwa mahali pale litakuwa bwana. Sehemu ya deni aliilipa hapo. Lakini aliilipa kama mwanasheria atazamaye mipaka ya nchi, si kama yule mtoto aliyenyimwa somo.

Na mambo ya shule yamekwenda hivi. Mwenye fedha humpeleka mtoto wake katika shule ya Kiingereza tangu utotoni. Asiye nazo humpeleka shule ya serikali ifundishayo kwa lugha ya mahali. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba serikali haiwezi kuzilazimisha shule za watu binafsi kufundisha kwa lugha ya mama. Mwaka 2019 serikali ya Andhra Pradesh iliamuru shule zake zote za chini zifundishe kwa Kiingereza. Mwaka 2020 mahakama ya jimbo ikaifuta amri hiyo. Wanaoijua elimu walisema, kwa haki, kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi kwa lugha aijuayo. Wazazi wa tabaka za chini waliuliza, kwa haki pia, wana wa hao wataalamu wasoma wapi. Mwaka 2010, katika kijiji cha Banka huko Uttar Pradesh, watu wa matabaka hayo, ambao leo hujiita Dalit, waliweka msingi wa hekalu la mungu mke wa Kiingereza. Sanamu yake ina kalamu mkononi na husimama juu ya kompyuta. Wenye mamlaka wakauzuia ujenzi.

Sisi hatuwezi kusifu hekalu hilo, wala hatuwezi kulicheka. Twafundisha kwa lugha ya watu wetu na twaamini kwamba ndiyo njia ya akili ya mtoto. Lakini lugha ya mama nayo inayo majina ya matusi ya kumwitia mfagiaji, na mtoto wa mfagiaji huyasikia kwa lugha hiyo hiyo anayofundishiwa hesabu. Atafutaye lugha isiyo na jina lake la aibu si mpumbavu. Mwalimu amjibuje? Ambedkar angeweza kutusaidia, kuliko mtu ye yote wa karne ile, naye hakulishika swali.

Toleo linalopatikana kwa wepesi siku hizi ni lile la mwaka 2014, lenye maelezo mengi na utangulizi mrefu sana wa Arundhati Roy. Baadhi ya Dalit walikasirika, wakiuliza kwa nini kitabu chao kihitaji mtu mwenye jina kubwa, tena asiye wa kwao, kusimama mlangoni. Na swali hilo, kama tulivyoonyesha, ni la kitabu chenyewe. Maelezo ya chini ya kurasa ni mazuri na yamefanywa kwa bidii. Msomaji asiye na saa nyingi aanze na hotuba, asome majibu ya Gandhi na ya Ambedkar yaliyo mwisho, na utangulizi auache mpaka siku ya mvua.